Je, Mkristu Aweza Kujifunza Kazi ya Baruti?

Tuseme yuko kijana mmoja huku Kingamyambo, karibu na Kolwezi. Amemaliza shule ya sekondari, na jina lake limeandikwa kati ya wale watakaobatizwa usiku wa Pasaka. Anatamani kwenda katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kujifunza uhandisi wa migodi, na hasa elimu ya baruti, yaani namna ya kupasua mwamba kwa mlipuko. Mjomba wake hakubali. Anamwambia: «Mwipwa wangu, usiku wa Pasaka utamkataa shetani na mambo yake yote mbele ya padri, kisha asubuhi utakwenda kujifunza kitu cha kuua watu? Chagua: baruti au Ubatizo.»

Kijana anajibu kwa adabu: «Mjomba, unisamehe. Hata redio yako ina shaba ndani yake, na shaba hiyo ilitoka katika mwamba uliopasuliwa kwa baruti.»

Wakatekumeni wapenzi, msiwacheke watu hawa wawili. Kila mmoja ameshika upande wa ukweli, na mjomba ana haki ya kuogopa.

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Hapo Kingamyambo kuna uwanda mpana wa mchanga laini, ambao wakati wa kiangazi hupeperuka mpaka ndani ya nyumba. Mchanga huo haukuletwa na mto. Ulikuwa mwamba mgumu chini ya ardhi. Ulitobolewa, ukalipuliwa, ukasagwa kiwandani. Shaba ikatolewa kadiri ya ufundi wa siku zile, na mabaki yakamwagwa hapo, hasa katika miaka ya 1950, wakati wa kampuni ya Union Minière. Lakini shaba na kobalti nyingi zilibaki ndani yake, hata tangu mwaka 2018 kampuni ya Metalkol inayachenjua upya mabaki ya bonde la Kolwezi. Basi mtoto anayecheza katika mchanga ule anacheza juu ya kazi ya baruti, naye hajui.

Wazee wa Wasanga walichimba malakita, lile jiwe la kijani, kwa vyombo vya chuma na mikono yao. Waliliyeyusha katika tanuru wakati wa kiangazi, wakafanya misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Hawakuwa na baruti, na penye mwamba mgumu jasho lao lilikuwa jingi na shaba kidogo.

Je, Maandiko Matakatifu yanasemaje? Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 4, kinamtaja Tubal-Kaini, mfua shaba na chuma, naye ni wa ukoo wa Kaini aliyemwua ndugu yake. Mjomba angefurahi kusikia hayo. Lakini katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu mwenyewe anamjaza Bezaleli akili na ufundi wa dhahabu, fedha na shaba kwa ajili ya Hema Takatifu. Shaba ya Tubal-Kaini na shaba ya Bezaleli ni shaba ile ile. Tena Kitabu cha Yobu, katika sura ya 28, kinaeleza kwa mshangao jinsi mwanadamu anavyotoboa njia ndani ya mwamba na kuipindua milima tangu mashina yake. Hakilaumu kazi hiyo. Kinauliza tu, baada ya kuisifu, hekima yenyewe inapatikana mgodi gani.

Basi baruti haina nia. Nia iko moyoni mwa mtu. Kanisa linatufundisha kulipima tendo kwa mambo matatu: tendo lenyewe, kusudi la mtendaji, na hali inayolizunguka. Kupasua mwamba ili watu wapate shaba, njia ya gari au kisima cha maji, hilo si tendo baya. Kupasua nyumba ya jirani ni uovu, hata kama baruti imetoka katika sanduku lile lile.

Lakini tusimjibu mjomba upesi hivyo, kwani huogopa kwa sababu ya mambo yaliyotokea kweli. Huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, wachimbaji wa Katanga walitoa urani, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililouteketeza mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo. Wachimbaji wale hawakuambiwa itakwenda wapi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulihukumu bila kusita vita vya namna hiyo, vinavyoangamiza miji mizima pamoja na watu wake. Na watu wa Kolwezi hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano: wazee wanaukumbuka mwezi wa Mei 1978, vita vilipoingia mjini na maiti zikalala njiani. Mtu aliyeona hayo akisikia neno baruti, moyo wake hauwazi redio.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hufikiri kwamba dawa ya hofu hiyo ni kutojua. Husema: heri asiyejua baruti, mikono yake ni safi. Sivyo. Baruti ipo tayari katika nchi yetu, ijulikane au isijulikane. Swali ni mikono gani itaishika.

Mwaka 1847 mwanasayansi wa Italia, Ascanio Sobrero, alipata kiowevu kiitwacho nitroglicerini, chenye nguvu kupita baruti ya zamani, tena kigeugeu: chaweza kulipuka kwa kutikiswa tu. Mwaka 1864, katika karakana ya jamaa ya Nobel huko Stockholm, kililipuka kikaua watu kadhaa, kati yao Emil, mdogo wake Alfred Nobel. Alfred hakuiacha elimu ile. Mwaka 1867 alipata hati ya dinamiti, ambayo ni kiowevu hicho kilichonywewa na udongo wa namna ya pekee, kikatulia. Dinamiti iliokoa mikono ya wachimbaji wengi. Ni kweli pia kwamba baadaye ilitumika vitani, mjomba asisahaulike.

Na uzembe huua bila vita. Tarehe 4 Machi 2012, siku ya Jumapili asubuhi, watu wengine wakiwa Misani, ghala la silaha la Mpila, katika mji wa Brazzaville, lililipuka katikati ya nyumba za watu. Walikufa zaidi ya 200. Tarehe 4 Agosti 2020, katika bandari ya Beirut, zililipuka tani 2.750 hivi za chumvi ya amonia, kitu kinachotumika kama mbolea na pia katika migodi. Zilikuwa zimewekwa ghalani kwa miaka bila uangalizi wa kutosha, na zaidi ya watu 200 walikufa. Hakuna aliyetaka kuwaua. Kitu kikali kiliwekwa pasipofaa, na siku zikapita.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kutojua jambo linalotupasa kulijua, tukiliacha kwa uvivu, ni dhambi. Asiyekuwa mganga hatendi dhambi kwa kutojua dawa. Bali akijifanya mganga akampa mtoto dawa asiyoijua, mtoto akafa, hawezi kujitetea kwa kusema «sikujua.» Ndivyo ilivyo kwa yule anayenunua baruti kwa siri akaishusha shimoni pamoja na wenzake, bila kujifunza. Amri ya tano inamhusu, hata kama hana chuki na mtu.

Basi kijana wetu atajifunza nini? Si kuwasha utambi tu. Hilo hata mtoto aweza. Atajifunza kuusoma mwamba, nyufa zake na maji yake. Kupima nafasi kati ya tundu na tundu. Kupanga matundu yalipuke moja baada ya jingine kwa sehemu ndogo sana za sekunde, ili mwamba uanguke mahali pake na ardhi isitikisike mno. Jambo hili la mwisho si dogo. Mjini Kolwezi kuna mitaa iliyo karibu sana na mgodi, na wakaaji wamelalamika kwamba kuta zao zimepasuka kwa mitikisiko. Fundi asiyejali hupasua mwamba na ukuta wa mjane pamoja. Kwa fundi mkristu, hesabu ya mtikisiko ni sehemu ya kumpenda jirani.

Mjomba ana swali moja bado: «Na siku mkubwa wake akimwagiza atengeneze kitu cha kuua raia?» Siku hiyo atakataa, hata akipoteza mshahara. Mkubwa wa kazi si mkubwa wa dhamiri. Naye mjomba afanya vema kumwuliza neno hilo sasa, kabla hajapanda basi la Lubumbashi, wala asingoje barua kutoka huko.

Kwa hiyo, usiku wa Pasaka kijana aweza kumkataa shetani kwa kinywa kizima, akaenda shuleni. Wachimbaji na mafundi wa baruti wa nchi nyingi wana msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Barbara, ambaye humkumbuka tarehe 4 Desemba. Huomba kwake wasife ghafula bila sakramenti. Ni watu wanaojua wanachoshika.

Mjomba aweza bado kunung'unika. Basi na aelezwe desturi ya kazi yenyewe. Kabla ya mlipuko fundi huhesabu matundu, huwaondoa watu wote, hupiga king'ora. Baada ya mlipuko hungoja moshi wenye sumu uondoke. Kisha yeye aliyewasha hurudi wa kwanza, wenzake wakingali mbali, kutafuta kama kuna baruti iliyogoma.