Chuo cha Mwali na Swali la Urembo

Tukitaja chuo cha urembo, wengi miongoni mwetu hufikiri juu ya kitu kilicholetwa na meli: kioo kirefu, kiti cha kuzunguka na mashine ya kukaushia nywele. Lakini katika nchi ya Wakwere, Wadoe na Wazaramo, kuanzia vijiji vya Bagamoyo kama Fukayosi hadi Bunju na viunga vya Dar es Salaam, chuo cha namna hiyo kilikuwako kabla hajafika mkoloni. Hakikuwa na kibao mlangoni. Mwanafunzi wake aliitwa mwali, mwalimu wake kungwi, na darasa lake lilikuwa chumba cha ndani. Nasi tunapenda kuuliza swali moja: je, urembo hufunzwa kwa ajili ya nani?

Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani. Huko alilishwa vizuri, akasingwa na kupakwa mafuta, asipigwe na jua, hata ngozi ikalainika. Alifundwa usafi, mwendo, maneno ya kusema na ya kunyamazia, heshima kwa wakubwa, na mambo ya unyumba. Pamoja naye kiliwekwa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti. Kinyago hicho kina kichwa chenye nywele zilizochongwa, kiwiliwili, matiti na kitovu, lakini aghalabu hakina mikono wala miguu. Mwali alikifanya mwanawe: akakiosha, akakipaka mafuta na kukitengeneza nywele, kama yeye mwenyewe alivyotendewa na makungwi wake. Marja-Liisa Swantz, mtaalamu kutoka Finland aliyeishi Bunju katika miaka ya 1960, alieleza mengi ya mila za Wazaramo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Vinyago vingi sasa vimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani; vimo ndani ya vioo, havina wa kuvipaka mafuta.

Hapa ndipo ilipo falsafa ya chuo kile, kwa maoni yetu. Mwana hiti hana mikono, hawezi kujisuka. Hatudai kwamba mchongaji alikusudia somo hilo, maana mchongaji ana sababu zake. Lakini mwali aliyeshinda naye chumbani alijizoeza kumpamba asiyeweza kujipamba, wala kumshukuru, wala kumsifu. Na yeye mwenyewe alikuwa mikononi mwa wengine. Wahenga wamesema kinyozi hajinyoi. Urembo, basi, haukuwa mali ya mtu mmoja mbele ya kioo chake. Ulikuwa deni lililozunguka kutoka mkono hadi mkono. Siku ya kutolewa nje, ngoma ilipolia na kijiji kilipokusanyika kumtazama mwali, kila mwanamke aliyemhudumia aliiona kazi yake.

Inafaa kulinganisha na tendo moja la utawala wetu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita minisketi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kuchubua ngozi. Nia ilikuwa kulinda utamaduni. Hata hivyo, kabla tarehe yenyewe haijafika, wasichana walikuwa wamekwisha kubughudhiwa hadharani mjini Dar es Salaam. Vijana wa kiume walijifanya makungwi, nao hawakufundwa na mtu! Kungwi wa kweli alimwosha mwali kabla ya kumkemea. Hawa walianza na kukemea, wakaishia hapo.

Lakini tusije tukaupaka mafuta ukweli. Chumba kile kilikuwa pia kifungo. Zamani mwali aliweza kukaa ndani miezi mingi, hata miaka, na mlango ulipofunguliwa mara nyingi aliyekuwa akingoja nje alikuwa mume. Darasa moja likiua jingine, ni nani atakayelisifu? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakazia hukumu. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayemwoa mwanafunzi akawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Sisi tunaopenda mila hatuna budi kuipokea hukumu hiyo bila kununa. Haikumhukumu mwana hiti, ilihukumu kufuli.

Kinachobaki ni kujua la kukichukua kutoka chumbani. Katika vyuo vya urembo vya siku hizi mwanafunzi hujifunzia kusuka juu ya kichwa cha plastiki, nacho hakina mikono wala kiwiliwili. Kwa umbo ni ndugu wa mwana hiti. Tofauti ni kwamba hiki hakuna anayekiita mwanawe. Muhula ukiisha hurudishwa kabatini. Kisha huja mteja halisi, ameketi kitini, anaomba apakwe krimu ya kumfanya mweupe. Serikali imekataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini hapo kitini hakuna askari. Kuna mikono ya binti wa miaka 20 hivi, na uso wa mtu mwingine uliokabidhiwa kwake.