Kilo Moja ya Sukari

Kila mwaka Jumatano ya Majivu inapokaribia twaulizana: "Mwaka huu unaacha nini?" Mmoja huacha nyama, mwingine sigara, mwingine pombe. Sisi, tangu tulipokuwa chuo cha ualimu, tumezoea kuacha sukari katika chai. Leo twapenda kuuliza swali jingine, ambalo si wengi huliuliza: kile tunachokiacha humwendea nani?

Kwanza tufanye hesabu, kama ilivyo desturi ya walimu. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka siku ya mwisho kabla ya Pasaka ni siku 46. Tukiondoa Jumapili 6, ambazo ni sikukuu za kufufuka kwa Bwana, zabaki siku 40. Kanisa limezijua siku hizo tangu zamani. Baraza la Nikea la mwaka 325 lilizitaja. Basi, vikombe 3 kwa siku, vijiko vidogo 2 kwa kila kikombe, kwa siku 40, ni vijiko 240. Kijiko kimoja ni kama gramu 4. Jumla yake yakaribia kilo moja.

Kwa miaka mingi kilo hiyo ilikaa katika kopo lake, ikitungoja. Siku ya Pasaka tulilifungua kopo, tukanywa kwa furaha. Kwa kweli hatukutoa kitu, tuliahirisha tu. Wakristo wa kale walikuwa waangalifu zaidi. Kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, cha karne ya pili, chafundisha kwamba mtu afungaye akadirie gharama ya chakula alichojinyima, kisha ampe mjane, au yatima, au mhitaji.

Miaka michache iliyopita tuliamua kulifuata fundisho hilo. Tukachukua kilo yetu, tukampelekea jirani yetu mmoja, mama mjane, mkongwe kuliko sisi. Alishukuru sana, akatukaribisha tuketi, akabandika chai. Ikaja imekwisha kutiwa sukari ile ile, maana mgeni hapewi chai chungu. Tukasema, "Samahani mama, sisi tumefunga sukari." Naye akakisogeza kikombe chake pembeni. "Basi Mwalimu," akasema, "mimi nitakunywaje peke yangu?" Vikombe vyote viwili vikapoa. Tukaondoka na mfungo wetu mzima, lakini furaha yake tulikuwa tumeivunja.

Tangu siku ile tumejiuliza: tulikosa wapi? Kanuni hatukuivunja. Lakini mama yule tulimfanya mahali pa kuweka sadaka, si mtu wa kuketi naye. Tulikuwa tayari kuacha sukari. Hatukuwa tayari kuacha fahari ya kuhesabu siku 40 bila doa. Hayo ndiyo Bwana wetu aliyotuonya katika Mathayo mlango wa 6, kwamba tusifunge kwa kutaka kuonekana. Na mtu aweza kutaka kuonekana hata machoni pake mwenyewe.

Pengine msomaji atasema: ikiwa ni hivyo, kila atakayekaribishwa mahali atakula, na Kwaresima itabaki jina tu. Neno hilo lina uzito. Anayetafuta sababu ya kuvunja mfungo ataipata kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo na tujiulize kwa unyofu: navunja kwa ajili ya nani? Tukinywa kwa uchu wetu, tumejidanganya. Tukinywa ili mwenzetu asinywe peke yake, tumempa kitu kigumu zaidi kuliko sukari. Na kesho yake asubuhi turudie chai yetu chungu, bila kujionea huruma.

Kwaresima iliyofuata tulikwenda tena kwa mama yule na kilo nyingine. Akabandika chai. Safari hii tulikunywa kikombe chote, tukakaa mpaka jua likachwa, naye akatusimulia habari za marehemu mumewe, ambazo kwa miaka yote ya ujirani hatukupata kumwuliza. Mwaka ule siku zetu za mfungo zilikuwa 39.

Mwenyezi Mungu atujalie sote Kwaresima njema.