Bakteria Wakisafisha, Nani Anadaiwa?



Kijana mmoja wa Kiruruma aliniuliza swali ambalo halifai kujibiwa harakaharaka. Kwao wanapaka nguzo za uzio oili chafu ili mchwa wasizile, na inayobaki inamwagwa chini, kwenye mteremko wa kuelekea chemchemi. Akasema: “Frateri, nimesoma kuna bakteria wanakula dawa za mbao huko ardhini. Kama Mungu ameshaweka wa kusafisha, dhambi iko wapi?”

Alichosoma ni kweli. Pale Pensacola, Florida, Marekani, kilikuwepo kiwanda cha kutibu nguzo kuanzia 1902 hadi 1981. Kilitumia kreosoti, ile dawa nyeusi inayotokana na lami ya makaa ya mawe, na baadaye pentaklorofenoli. Mabaki yaliwekwa kwenye mabwawa yasiyosakafiwa, yakazama hadi kwenye maji ya ardhini. Wanasayansi walipoyachunguza maji hayo waliwakuta bakteria, tena mahali pasipo na oksijeni, wakizivunjavunja fenoli za kreosoti mpaka zikabaki methani na hewa ya ukaa. Hakuna aliyewatuma. Mimi naiona huruma ya Muumba hapo, na sioni aibu kusema hivyo.

Lakini angalia inavyofanya kazi. Bakteria wanaanza na vile vilivyo rahisi kuvunjika. Vile vizito, vyenye pete nyingi za kaboni, vinang'ang'ania udongoni miaka na miaka. Kiwanda kilifungwa kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na bado mahali pale panashughulikiwa. Wakati wote huo maji hayasimami, yanatembea.

Sasa turudi kwenye swali. Rafiki yangu amechanganya mambo mawili: kidonda kupona, na aliyekata kuwa huru na deni. Hata kwenye kitubio hatuchanganyi hivyo. Padre anakuondolea dhambi, lakini ng'ombe uliyemwiba unamrudisha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwenye Summa Theologiae, alijiuliza kama mtu anaweza kuahirisha kurudisha mali ya mwenzake. Akajibu hapana, maana kuchelewesha ni kumnyima mwenzako matumizi ya kilicho chake, nako ni kuvunja haki. Hoja hiyo ndiyo ninayoona inamgusa mwenye dumu la oili. Tuseme bakteria wataimaliza yote baada ya miaka ishirini (nakubali kwa ajili ya hoja tu). Hiyo miaka ishirini ni ya nani? Ni ya mama anayechota pale chini na mtoto anayenyweshwa. Wewe ulipata uzio leo, wao wakapewa kusubiri, na hakuna aliyewauliza.

Halafu kuna vitu ambavyo bakteria hawavimalizi kabisa. Nguzo nyingi za umeme, zile zenye ukijani, zimetibiwa kwa shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni elementi. Bakteria anaweza kuibadilisha sura, pengine hata kuifanya itembee zaidi kwenye maji, lakini kuivunja ikaisha, hawezi. Hata oili chafu ya gari huwa na chembe za metali. Kwa hiyo ile “watakula” ya kwetu mara nyingi ni matumaini tuliyojitungia wenyewe ili tusisumbuke.

Sisemi maji ya Kiruruma yameharibika, sijayapima. Nasema jambo dogo tu: oili iliyobaki irudi kwenye dumu, dumu lifungwe, likae mbali na chemchemi. Wenye uzio waambiwe, na waambiwe kwa heshima, maana wengi ni wazee wetu na hawakukusudia ubaya. Na kama nyuma ya nyumba kuna kipande cha nguzo ya umeme, usikipikie maharage. Kikiungua, aseniki inabaki kwenye moshi na majivu, na majivu kwetu tunayapeleka kwenye migomba.