Asilimia Mia ya Kilichobaki

Jana jioni kijana mmoja alikuja nyumbani kwangu hapa Voi kutazama pikipiki yangu ya umeme. Alibana breki, akakagua matairi, akasikiliza mota, akataka kujua logibuku iko kwa jina la nani. Kuhusu betri hakuuliza chochote. Skrini ilisoma 100, akaridhika.

Hiyo 100 ni ya kilichobaki. Betri huchoka kwa miaka ya kuchajiwa, lakini kipimo chake bado husoma imejaa. Hapa mjini, kwenye tambarare, hutagundua. Panda kutoka Mwatate hadi Wundanyi ukiwa na abiria na gunia la kabeji, ndipo utaona namba zinavyoporomoka.

Je, kumnyamazia asiyeuliza ni kumdanganya? Swali hili limeninyima usingizi. Nakumbuka hadithi ya Mtume Muhammad: alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Mvua haikuwa kosa lake, wala uchakavu wa betri si kosa langu. Kosa ni kuufunika. Ndiyo maana fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa. Tairi analiona mwenyewe. Mlima ulionishinda naujua mimi peke yangu.

Nimempigia yule kijana simu alfajiri. Jumamosi tutapanda Wundanyi, yeye akiendesha, mimi nyuma kama mzigo. Bei tutaizungumza huko juu.