Mizani Haikuwa na Kosa



Kuna maneno yametukaa mdomoni sisi vijana wa Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale: "Siyo mimi, ni mazingira." Aliyeacha kwenda Misa anasema mazingira. Anayebeti hela ya kodi ya chumba anasema mazingira. Na mimi nimeyasema sana. Leo nataka tuulizane kwa ukweli: mazingira magumu yanaweza kuwa sababu ya kutosha ya kutenda ubaya? Sitajibu kama mwalimu, maana swali hili lilinikuta mwenyewe nikiwa na kopo la kuchotea sukari mkononi.

Nilikuwa nimekaa kijiweni miezi saba bila kazi, ndipo nikapata kibarua kwenye duka moja huku Temeke. Jioni nilipima sukari na kuifunga kwenye vifuko vya kilo moja moja. Siku ya kwanza tajiri akanielekeza: ikifika gramu 900, funga. Nikamwangalia. Akasema, "Mtaa mzima ndivyo wanavyopima, wewe unataka tufunge duka?" Nikafunga. Vifuko 30 kwa siku, yaani kilo 3 za sukari ya watu. Na mizani yetu ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo kabisa! Mizani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mkono wangu.

Wiki ya kwanza nililala vibaya. Ya pili afadhali. Mwezi ulipoisha nilikuwa napima huku naimba nyimbo za kwaya. Hicho ndicho kinachonitisha hadi leo. Misa sikuacha, Rozari sikuacha, ila dhamiri ilizoea kelele za mtaa mpaka ikanyamaza, kama tunavyozoea kulala kigodoro kikipigwa nyumba ya pili.

Siku moja akaja mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye anasomesha watoto wake kwa maandazi ya alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi mbona siku hizi maandazi yangu hayakolei? Kilo ni ileile, unga ni uleule. Nadhani mkono wangu umezeeka."

Nikampa kifuko chake. Akanishukuru, akasema Mungu akubariki mwanangu, akaondoka. Maskini, alikuwa anajilaumu mwenyewe kwa wizi wangu. Jumamosi yake akaongoza Rozari, na mimi nikaitikia.

Haikupita muda, kwenye semina ya VIWAWA parokiani tukasimuliwa habari za Floribert Bwana Chui. Huyu ni kijana mwenzetu kabisa: Mkongo wa Goma, mji wa Waswahili, na hata jina lake ni Kiswahili. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, na katika Jumuiya ya Sant'Egidio aliwahudumia watoto wa mitaani. Akapata kazi kwenye ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Walimletea rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite kwenda sokoni. Akakataa. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri.

Sasa, Goma ya wakati ule siyo Mbagala. Ule ni mji uliopita kwenye vita, na mwaka 2002 volkano ikauchoma. Kama kuna kijana aliyekuwa na haki ya kusema "ni mazingira," ni yeye. Lakini kilichonichoma zaidi ni kazi yake. Kumbe alikuwa na kazi kama yangu! Wote wawili tuliwekwa kati ya chakula na mlaji. Yeye alipokitazama chakula aliwaona watu watakaokila. Nadhani ni kwa sababu alishazoea kukaa na wale watoto wa mitaani. Mimi nilijizoeza kuona vifuko.

Hapa tusikilize vizuri Kanisa linasema nini, maana haliwasemei maskini kwa ukali. Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba woga, shuruti, kutojua na mazoea vinaweza kupunguza lawama ya mtu, hata kuiondoa. Mungu anajua njaa ya miezi saba. Kwa hiyo mazingira yana uzito, tusidanganyane. Ila yanapunguza lawama tu. Ubaya hayaugeuzi kuwa wema. Hofu yangu ya kukosa kazi inaweza kupunguza hukumu yangu mbele ya Mungu, lakini haiongezi hata gramu moja kwenye kifuko cha yule mama. Maandazi yake bado hayakolei.

Nikaenda kuungama. Padre alinisikiliza bila kunigombeza, kisha akanikumbusha Zakayo: alipompokea Yesu hakuishia kusikitika, alirudisha. Nami nirudishe.

Nikamwambia tajiri sitapima tena pungufu. Hakunifukuza. Alinitoa kwenye mizani akaniweka kubeba magunia, na ile posho ya jioni ikaishia hapo. Sukari ya gramu 900 iliendelea kuuzwa, kijana mwingine anapima. Nawaambia hili ili msidhani ukifanya jema mtaa wote unabadilika keshoyake.

Kwa yule mama nilienda na kilo tano za sukari, miguu inatetemeka. Nikamweleza yote. Akanyamaza muda mrefu. Nilijiandaa kwa matusi. Akauliza kitu kimoja tu: "Na wengine je?"

Wengine siwajui. Wanunuzi wa vifuko 30 kwa siku, nitawapata wapi? Padre akanishauri niwape maskini kile nisichoweza kuwarudishia wenyewe, basi kila mwezi natia kidogo kwenye mfuko wa wagonjwa wa jumuiya. Bado sijamaliza.

Vijana wenzangu, mtume Paulo anawaambia Warumi kwamba dhiki huzaa saburi, na saburi huzaa uthabiti. Lakini mimi ni shahidi kwamba dhiki ileile inaweza kuzaa mwizi anayeimba kwaya. Tofauti inaanzia kwenye ile siku ya kwanza, pale unapoambiwa "funga" na moyo unakataa. Ule moyo usiunyamazishe. Ukishindwa kukataa siku hiyo, basi usiache kuungama wiki hiyo, kabla hujazoea. Na umtafute rafiki mmoja wa kumwambia ukweli, maana peke yako mtaa utakushinda.

Kesho ukishika mizani, usukani wa bodaboda, au simu ya uwakala, jiulize swali la mama yangu wa maandazi. Wengine je?

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, utuombee.

Tuombeane.