Haki ya Chura

Methali yasema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini, msomaji, umepata kujiuliza ng'ombe afanyeje siku ambayo chura amenyamaza? Chura hanywi kwa kinywa kama sisi. Maji humwingia kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita huko huko. Sumu iliyomo majini humpata mapema. Pengine kimya chake chafaa kutuzuia kuliko kelele zake.

Ukikaa Eldoret, mji wa nyanda za juu upitiwao na mto Sosiani, huhitaji kwenda mbali kumtafuta. Walakini mji unapokua, vinamasi hufukiwa, majani hufyekwa na nyua husakafiwa. Ukitaka arudi, usimbebe kwa ndoo. Mtengenezee kidimbwi cha kina kifupi chenye ukingo wa mteremko; uache majani marefu kando yake na gogo la kujificha jua; usinyunyize sumu. Kisha ungoje mvua. Mgeni huyu haletwi, huja mwenyewe. Na pamoja naye huja kereng'ende na ndege.

Utasema kwamba maji yaliyotuama huzaa mbu, na kwamba chura humvuta nyoka. Hoja zote mbili ni za kweli. Chura na kereng'ende hula wadudu, lakini hawakuahidi kukulinda. Basi weka kidimbwi mbali na mlango, ukikague kila mara, wala usiache makopo yenye maji. Kujihadhari ni haki yako. Je, kumfukuza kabisa ni haki yako pia?

Swali hili limepata kuulizwa juu ya jambo kubwa kuliko bustani. Katika milima ya Udzungwa, Tanzania, chura mdogo wa Kihansi aliishi kwa manyunyu ya maporomoko ya maji, wala hakupatikana kwingineko duniani. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua, ugonjwa nao ukamwandama, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Walisalia wale tu waliokuwa wakitunzwa Marekani. Mwaka 2010 wakaanza kurudishwa nchini mwao.

Umeme ni neema kwa watu wengi, na waliopaswa kuchagua walikuwa na mzigo mzito. Wewe huna mzigo huo. Unaombwa pembe moja tu ya kiwanja. Asiyeweza kumpa chura nafasi pasipo hasara, atampaje siku atakapodaiwa hasara?