Je, Kuuliza ni Aibu kwa Mtafuta Elimu?

Wahenga walisema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Walakini wengi huyakubali maneno haya kwa ulimi, kisha hukaa miaka na maswali moyoni kwa kuogopa kuchekwa. Mwenye kujifunza peke yake, bila shule wala mwalimu, hofu hiyo humzidi. Basi yafaa tuangalie: Je, kuuliza ni aibu au ni wajibu? Na kama ni wajibu, muulizaji na muulizwaji wana haki gani kila mmoja juu ya mwenziwe?

Elimu ya hisabati yatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1913 karani mmoja wa bandari ya Madras, Bara Hindi, jina lake Srinivasa Ramanujan, alimwandikia barua G. H. Hardy wa Cambridge, Uingereza. Hakuwa na shahada, kwani alikuwa ameanguka mitihani ya chuo kwa kuyaacha masomo mengine na kushika hisabati tu. Kitabu kilichomfaa zaidi kilikuwa na maelfu ya kanuni, nyingi bila uthibitisho kamili. Alikwisha waandikia wataalamu wengine asipate msaada, lakini hakukata tamaa. Katika barua ile alisema waziwazi kwamba hakusoma chuo kikuu, akaambatisha kurasa za kazi yake, akaomba shauri.

Hardy angaliweza kuitupa barua ya mtu asiyejulikana. Badala yake aliichunguza pamoja na mwenziwe Littlewood, akajibu, akadai uthibitisho. Na ilikuwa haki kuudai, maana baadhi ya aliyoyaandika Ramanujan juu ya namba tasa yalikuwa na makosa. Mwaka 1914 Ramanujan alifika Cambridge, na mwaka 1918 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Swali la unyofu lilifungua mlango ambao vyeti havikuufungua.

Fundisho la kwanza ni kwamba muulizaji hutanguliza jasho lake. Tuseme mwanafunzi adhani kuwa kujumlisha namba mbili na kuzidisha jumla kwa yenyewe ni sawa na kuzidisha kila moja kwa yenyewe, kisha kujumlisha. Kabla ya kumwendea mwalimu, na aziulize namba zenyewe. 3 na 4 ni 7, na 7 mara 7 ni 49. Lakini 3 mara 3 ni 9, na 4 mara 4 ni 16, jumla 25. Zimepungua 24. Sasa analo swali lenye thamani: hizo 24 zimekwenda wapi? Na achore mraba wenye upande wa 7, augawe kila upande kwa 3 na 4. Ataona mistatili miwili ya 12 aliyoisahau. Kwa michoro ya miraba namna hii Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alithibitisha kanuni zake za aljebra. Siku hizi mwenye simu hupeleka swali ng'ambo kwa dakika moja, na wepesi huo humshawishi aombe jibu tupu. Apewaye jibu tupu hana la kufanya swali likibadilika kidogo.

Fundisho la pili lamhusu muulizwaji: elimu ni amana. Dakta Abdus Salam, Mwahmadiyya aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, aliporudi kufundisha Lahore mwaka 1951 alionja upweke wa mtaalamu asiye na wa kumwuliza, hata mwaka 1954 akarudi Uingereza. Kwa hiyo mwaka 1964 alianzisha kituo mjini Trieste, Italia, ili wataalamu wa nchi maskini wakutane na wenzao bila kulazimika kuzihama nchi zao. Leo kituo hicho chaitwa kwa jina lake.

Ikiwa ndivyo katika hesabu, je, katika imani? Kurani Tukufu yatuagiza kuwauliza wenye kujua tusipojua (16:44), na Mtume Muhammad s.a.w. mwenyewe alifundishwa kuomba azidishiwe elimu (20:115). Ikiwa mbora wa viumbe aliomba zaidi, sisi tuone haya kwa nini? Basi wewe uliyeingia karibuni, nawe unayechunguza bado, msidhani kwamba swali ni utovu wa imani. Wala jibu lisiwatoshe kwa ukubwa wa kilemba cha aliyelitoa; dai dalili kama Hardy alivyodai. Ila anayeuliza ili ashinde si sawa na anayeuliza ili afuate. Wa kwanza ni mbishi, na dalili ikidhihirika hukasirika. Wa pili hushukuru, hata ikimpasa kuacha alilolizoea.

Mwenyezi Mungu atujalie ujasiri wa kuuliza, subira ya kujibu, na unyenyekevu wa kuifuata kweli inapodhihirika. Amin.